Muulize Shangazi: Tulichobishania chumba cha majaji

Barua za mwezi huu zina kidonda kimoja: majaji wa matamasha ya filamu. Wengine mnalia, wengine mnatukana, na mmoja ameniandikia kurasa nne bila nukta hata moja. Nimezipunguza zikaenea. Kwa anayeisoma safu hii mara ya kwanza: mimi ni mhariri wa filamu, kazi niliyoianza enzi za kukata mkanda kwa wembe, na nimeketi kwenye majopo tisa ya matamasha ya kimataifa ya filamu huru. Mawili yalikuwa makubwa, yenye zulia na wapiga picha mlangoni. Mengine yalikuwa ya ukumbi mmoja na projekta moja. Sitayataja, maana tulikubaliana kwamba la chumbani libaki chumbani. Ila chumba chenyewe naweza kukisimulia.

*Shikamoo Shangazi. Filamu yangu ndefu ya kwanza iliingia kwenye shindano la tamasha la kimataifa. Ukumbi ulijaa, makofi yalipigwa mpaka nikaona haya, na mama mmoja alinishika mkono huku analia. Usiku wa tuzo sikupata hata cheti. Tuzo kuu ilikwenda kwa filamu ambayo watu 41 walitoka kabla haijaisha. Niliwahesabu. Hivi hawa majaji huwa wanatazama nini? – Niliyerudi mikono mitupu*

Marahaba mwanangu, na pole. Umekaa gizani unahesabu wanaotoka kwenye filamu ya mwenzio. Roho mbaya hiyo, lakini ni jicho la mhariri. Nami nikupe hesabu yangu.

Jopo langu la tatu lilikuwa la watu watano, filamu 12, siku sita. Siku ya mwisho tulifungiwa kwenye chumba cha mikutano hotelini, meza ndefu mno kwa watu watano, pazia lisilofika mwisho wa dirisha. Mratibu alipita na kikapu akakusanya simu zetu. Mwenyekiti, mpiga picha mkongwe asiyependa maneno, hakutuuliza filamu ipi ni bora. Alitugawia vikaratasi, akasema kila mtu aandike filamu tatu ambazo ataumia zikiondolewa mezani. Tukavikunjua: kura 15, majina tisa! Filamu moja ilitajwa mara nne. Nyingine, iliyoninyima usingizi mimi, ilitajwa mara mbili, na kati ya watatu waliobaki, wawili waliichukia kiasi kwamba mmoja alisema ikishinda hatatia saini. Tukabishana saa tatu na nusu. Ikashinda ile ya kura nne. Tulipokuwa tunashuka ngazi tukaanza kuulizana kwa sauti ya chini: kwako ilikuwa ya kwanza? Hapana. Na kwako? Hapana. Filamu iliyobeba tuzo kuu haikuwa ya kwanza moyoni mwa mtu hata mmoja kati yetu.

Mwaka uliofuata, kwenye tamasha jingine, mambo yakawa kinyume. Kulikuwa na filamu ambayo sisi wanne tuliiona ngumu kama jiwe. Jaji wa tano alikuwa mwandishi wa riwaya. Hakupaza sauti. Alizungumzia picha moja tu, ya mlango uliofungwa, unaokaa mbele ya macho yako dakika nzima bila kufunguliwa. Akatueleza alichokisikia nyuma ya ule mlango: kiti kikiburutwa, halafu kikirudishwa mahali pake, halafu kimya. Sote tulikuwa tumeutazama mlango. Yeye peke yake alikuwa ameusikiliza. Tuliomba tuonyeshwe upya dakika 20 za filamu hiyo, tukakaa wanne kama wanafunzi walioshikwa hawajafanya kazi ya nyumbani. Ilishinda kwa kura zote. Ungekuwepo kwenye onyesho lake, 41 wako wangekuwa wachache.

Kwa hiyo filamu iliyokushinda inaweza kuwa ya aina ya kwanza, isiyochukiwa na mtu, au ya aina ya pili, iliyopata mtetezi mmoja anayejua kutetea. Yako labda haikuchukiwa wala haikupata mtetezi. Hapo katikati ndipo filamu nyingi nzuri zinapofia, na hutawahi kuambiwa.

Makofi nayo yasikudanganye. Kwenye onyesho la kwanza nusu ya safu za mbele ni waigizaji wako, ndugu zao na watu waliokukopesha vifaa. Majaji wanalijua hilo, na wengine huziba masikio kwa makusudi. Kama ni kauli ya watazamaji unayoitaka, ipo na ina njia yake. Tamasha la Berlin liliwahi kuwaachia watazamaji wagawe tuzo, kuanzia 1952 hadi 1955, ndipo 1956 likaja jopo la kimataifa. Kwenye tamasha la Toronto, mpaka leo tuzo inayotajwa kuliko zote ni ile ya watazamaji. Liandikie tamasha lako uombe matokeo ya kura za ukumbi kama zilipigwa. Mimi nimewahi kumwona msambazaji akizitaka karatasi hizo kabla hajauliza jopo limesema nini.

Na kabla hujawadharau waliobaki vitini kwenye ile ya mwenzio: tamasha la Cannes, Ufaransa, 1960, filamu ya Michelangelo Antonioni iitwayo L'Avventura ilizomewa ukumbini. Wasanii na wahakiki wakatia saini barua ya kuitetea, na jopo lililoongozwa na mwandishi Georges Simenon likaipa Tuzo ya Jopo. Miaka miwili baadaye wahakiki waliopiga kura kwenye jarida la Sight and Sound waliiweka ya pili katika filamu bora za wakati wote.

*Shangazi, kuna ukweli kwamba majaji husinzia? – Mdadisi*

Upo. Filamu tatu kwa siku, viti laini, giza, na umesafiri usiku kucha. Mimi nimesinzia mara mbili. Mara zote mbili nilimwambia mwenyekiti, nikapewa kiungo nikaitazama upya ile sehemu kabla ya kikao. Asiyekiri ndiye wa kuogopwa, hasa akianza kusema filamu ina "mapengo katika masimulizi".

*Habari za kazi Shangazi. Mwaka 2024 Berlin, mwenyekiti wa jopo alikuwa Lupita Nyong'o, na Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya huko, akachukuliwa na mwongozaji mwenye asili ya Senegal, Mati Diop, kwa filamu inayohusu hazina za Benin. Rafiki zangu wanasema ilipangwa tangu siku jina la mwenyekiti lilipotangazwa. Nimechoka kubishana nao. – Mpenda haki*

Nzuri, mwanangu. Pumzika, nikusaidie kubishana.

Kweli Lupita alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuliongoza jopo hilo. Lakini jopo ni la watu saba. Waliokaa naye ni Ann Hui wa Hong Kong, Christian Petzold wa Ujerumani, Albert Serra wa Uhispania, Brady Corbet wa Marekani, Jasmine Trinca wa Italia, na mwandishi Oksana Zabuzhko wa Ukraine. Waongozaji wanne hapo kila mmoja ana namna yake ya kutengeneza sinema, na hazifanani hata kidogo. Anayedhani watu kama hao hupangiwa kura hajawahi kukaa na waongozaji wawili wakichagua hata mahali pa kusimamisha kamera.

Nguvu ya mwenyekiti iko kwingine. Kwenye majopo niliyoketi, alikuwa na kura moja kama sisi, lakini ndiye aliyeamua nani aanze kusema, tujadili filamu moja moja au zote kwa pamoja, tupige kura sasa au baada ya mapumziko. Mapumziko yamebadilisha tuzo nyingi kuliko hotuba, nakuapia.

Halafu waulize hao rafiki zako kama filamu yenyewe wameiona. Dahomey ni filamu ya hali halisi isiyofika dakika 70, inayofuata vitu 26 vya kifalme vilivyorudishwa Benin kutoka Paris mwaka 2021. Mojawapo ya vitu hivyo, sanamu ya mfalme, inapewa sauti, inazungumza Kifon, lugha ya huko Benin, kutoka ndani ya giza la kreti. Kisha wanafunzi wa chuo kikuu wanabishana: vimerudi 26, je, vilivyobaki? Kwa kazi yangu ninakuambia, kuunganisha sanamu inayosema na mdahalo wa wanafunzi bila mshono kuonekana ni jambo la kutoa jasho. Na Mati Diop hakuokotwa Berlin. Mwaka 2019 alipata Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa ya Cannes, kutoka kwa jopo la Alejandro González Iñárritu, Mmeksiko. Na hiyo nayo ilipangwa?

Siasa huingia chumbani, sikatai, lakini ikiingia kwa nguvu haijifichi, huvunja mlango. Berlin hiyohiyo, 1970: jopo chini ya George Stevens wa Marekani liligombana juu ya filamu ya Kijerumani, o.k., ya Michael Verhoeven, iliyosimulia ukatili wa askari wa Kimarekani dhidi ya msichana wa Kivietinamu. Wapo waliotaka iondolewe shindanoni, na jaji Dušan Makavejev akapinga. Jopo likajiuzulu, shindano likakatika, na mwaka huo dubu hakutoka.

*Shangazi mpendwa, nimepata barua pepe: "Hongera! Filamu yako imekuwa Filamu Fupi Bora ya Mwezi ya tamasha letu la kimataifa la filamu huru." Wanataka nilipie sanamu na usafirishaji wake. Mama yangu ameshawaambia majirani. Nifanyeje? – Mshindi mwenye wasiwasi*

Usilipe. Mama yako tutamtafutia la kumwambia.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hicho kimejitembeza mpaka kwenye kikasha chako cha barua. Uliniambatishia anwani ya tovuti yao, nikaifungua. Nimekuta vipengele 84 vya tuzo, kikiwemo Trela Bora ya Mwezi na Bango Bora la Filamu Ambayo Bado Haijatengenezwa. Hicho cha mwisho nilikisoma mara mbili. Sikukuta jina la ukumbi. Sikukuta ratiba. Majaji ni picha tatu zenye majina ya kwanza tu, na yule wa tatu, bwana mwenye tabasamu jeupe, nimemkuta kwenye tangazo la daktari wa meno.

Tamasha la kweli lina mahali na saa: filamu yako itaonyeshwa ukumbi fulani, siku fulani, na mtu asiyekujua anaweza kuingia akaketi. Lina majaji wenye majina kamili na kazi unazoweza kuzitafuta ukaziona. Ada ya kuwasilisha filamu peke yake si dalili ya utapeli, matamasha mengi ya heshima hutoza. Dalili ni kutozwa baada ya kushinda. Na dalili kubwa kuliko zote ni kwamba kila mtu anashinda. Tamasha la Sundance la Marekani, mwaka 2024, lilipokea maombi zaidi ya 17,000, na filamu ndefu zilizopata nafasi hazikufika 100. Tamasha la kweli kazi yake ya kwanza ni kukataa, na linakataa usiku na mchana.

Yale majani ya ushindi waliyoyachora kwenye picha usiyabandike kwenye bango lako. Wateuzi wa matamasha makini wanayatambua hayo majina, na bango lenye majani 15 ya namna hiyo linawapa sababu ya kukushuku kabla hawajabonyeza kitufe. Mama mwambie filamu imeonwa na Shangazi wa gazetini, naye ameipenda. Si uongo, nimeitazama. Dakika ya nne ikate, hiyo safari ya basi haina kazi.

*Kwa nini tuzo ya mwigizaji bora huenda kwa filamu nyingine wakati kila mtu ameona kwamba aliyeigiza kwenye filamu iliyoshinda ndiye bora? – Mwigizaji*

Kwa sababu ya kanuni, mara nyingi. Cannes 1991, jopo la Roman Polanski liliipa filamu ya Barton Fink Mtende wa Dhahabu (ndiyo tuzo kuu ya Cannes), tuzo ya uongozaji na ya mwigizaji bora wa kiume, zote tatu. Waliobaki wakaondoka na makombo. Baada ya hapo kanuni zikabanwa ili filamu moja isizoe meza nzima, na matamasha mengi yana kizuizi cha namna hiyo. Mwaka 2013 jopo la Steven Spielberg lilitafuta upenyo: likawapa Mtende wa Dhahabu mwongozaji Abdellatif Kechiche pamoja na waigizaji wake wawili, Adèle Exarchopoulos na Léa Seydoux.

Kwa hiyo unaposoma orodha ya tuzo, isome kama mtu aliyegawa mkate mmoja kwa wageni saba. Nimeshiriki kuipa filamu tuzo ya muswada bora wakati muswada wake ulikuwa ndio kasoro yake. Tulitaka isitoke bure, na hicho ndicho kipande kilichokuwa kimebaki mezani.

*Jaji mmoja aliwahi kufanya kazi na mwongozaji aliyeshinda. Hii si rushwa? – Mwenye hasira*

Tulia kwanza. Dunia ya filamu huru ni ndogo kama kisigino. Ukikataza majaji wote waliowahi kufanya kazi na mtu aliyeko shindanoni, utabaki na jopo la watu wasiowahi kutengeneza filamu. Venice 2010, mwenyekiti alikuwa Quentin Tarantino, na Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya huko, akachukuliwa na mwongozaji Sofia Coppola, aliyewahi kuwa mpenzi wake. Maneno yakawa mengi. Tarantino akasema uamuzi ulikuwa wa kauli moja.

Kuna uungwana, ingawa si kila tamasha huuandika: siku ya kwanza unasema unamfahamu nani na kwa vipi. Kama ni undugu, ndoa au pesa, filamu hiyo ikifikiwa unatoka nje ya mlango, si kunyamaza tu kitini. Kunyamaza kitini hakutoshi, maana wenzako wanakuona uso. Nimewahi kutoka mara moja, kwa filamu iliyohaririwa na mwanafunzi wangu. Nilikaa mapokezi nikitazama samaki kwenye tangi kwa dakika 50. Haikushinda. Sijui walisema nini, na mwanafunzi wangu mpaka leo haamini kwamba sijui.

*Shikamoo Shangazi. Nimealikwa kwa mara ya kwanza kuwa jaji wa filamu fupi. Wenzangu wote wana majina makubwa, mimi nina filamu mbili tu. Nisaidie nisiaibike. – Jaji mtarajiwa*

Marahaba, na hongera. Hizo filamu mbili ndizo zilizokufikisha hapo. Mwenye jina kubwa huenda hajabeba taa mwenyewe kwa miaka 20.

Nunua daftari dogo, lisilo la mistari kama unaweza, kwa sababu utaandika gizani na mistari itapishana na maandishi. Kila filamu ukurasa wake. Usiandike "nzuri" wala "mbaya", utakuja kulisoma siku ya sita usijue ulimaanisha nini. Andika kitu ulichokiona: kiatu chekundu, mtoto anayehesabu kinyume, sauti ya feni. Filamu fupi ni hatari kwa hili. Utatazama sita au saba mfululizo, na ukifika ya tano ile ya pili imeshafutika. Mimi kati ya filamu na filamu huomba taa ziwashwe nusu dakika. Ukiomba wewe mgeni watakubali, sote huwa tunataka ila tunaona aibu kuomba.

Usijadili filamu koridoni. Jaji mwenye jina kubwa akikuuliza kwenye lifti "umeionaje ile?", mjibu kwamba bado inakusumbua. Jibu hilo ni la kweli daima, na halimpi kitu. Wapo wanaoanza kukusanya kura kwenye lifti.

Kwenye kikao usiwe wa kwanza kusema wala wa mwisho. Na chagua filamu moja, moja tu, utakayoifia. Ukizitetea tano kwa moto uleule hutasikilizwa kwa hata moja. Usiseme "ni muhimu". Neno hilo limeua mijadala mingi, kwa sababu hakuna anayeweza kulijibu. Eleza picha, eleza ukato, eleza sauti, kama yule mwandishi wa riwaya na mlango wake niliomtaja hapo juu.

Mkimaliza, kubalianeni kwa maandishi nani atasoma nini jukwaani na kwa mpangilio gani. Usicheke. Cannes 2021, mwenyekiti Spike Lee aliulizwa mwanzoni mwa sherehe ataje tuzo ya kwanza kutolewa, akaelewa kwamba ni aliyepata nafasi ya kwanza, akaitaja Titane, filamu ya Julia Ducournau. Mtende wa Dhahabu ukawa umejulikana kabla ya tuzo nyingine zote. Aliomba radhi kwa uungwana mkubwa, na Ducournau akaipata tuzo yake mwishoni kama ilivyopangwa, ila ule mshangao ukawa umeshamwagika. Haya yanampata mtu mwenye filamu zaidi ya 20. Wewe mwenye mbili andika kwenye kadi.

*Nimeipakia filamu yangu fupi mtandaoni. Nimejiharibia? – Mwenye haraka*

Kwa filamu fupi, si lazima. Matamasha mengi yamelegeza, mengine bado yanadai onyesho la kwanza, kwa hiyo soma kanuni zao moja moja. Ila iondoe leo, iweke kwenye kiungo cha siri chenye nywila, na nywila hiyo usiibadilishe mpaka majibu yatoke. Nimekaa kwenye kamati ya uteuzi iliyoziruka filamu 11 kwa siku moja kwa sababu viungo havikufunguka. Hakuna aliyekuwa na muda wa kuwaandikia wenyewe.

*Shangazi, umeshawahi kujutia kura yako? – Msomaji wa siku nyingi*

Nimewahi.

Ilikuwa filamu fupi ya dakika 11. Mwanamke mtu mzima anakunja chandarua asubuhi. Hakuna zaidi ya hapo. Anakikunja, kinamshinda, anakianza upya, na kidogo kidogo unaelewa kwamba kitanda kilikuwa cha watu wawili na kwamba kona ile ya pili ilikuwa na mtu wake wa kuishika. Haina maneno. Majaji wenzangu wawili waliitaka sana. Nikaipinga mimi, mhariri, mwenye masikio ya kulipwa: nikasema sauti ina mngurumo, mwembamba, upande wa kushoto, mwanzo mpaka mwisho, na kwamba filamu isiyo na maneno haina ruhusa ya kuwa na sauti chafu. Walinisikiliza kwa sababu ni fani yangu. Tukaipa tuzo filamu nyingine, ambayo leo siikumbuki hata jina lake. Nimelitafuta kwenye daftari, nikakuta nimeandika "nzuri".

Kesho yake nilibaki kutazama filamu za nje ya shindano, ukumbi uleule, kiti kilekile. Ya kwanza ilikuwa na mngurumo upande wa kushoto. Ya pili pia. Nikasimama, nikaenda mpaka ukutani, nikaweka sikio kwenye spika.

Nilimwita fundi, akabadilisha waya, kazi ya dakika tano. Nilimwambia mratibu, akasema tuzo zimeshatangazwa, na kweli zilikuwa zimetangazwa. Tangu hapo, nikialikwa, sharti langu ni kuingia ukumbini siku moja kabla na kusikiliza spika moja moja. Wananiona mzee msumbufu.

Mwongozaji sijawahi kumwandikia. Kama unasoma safu hii: sauti yako ilikuwa safi, na aliyeipinga ni mimi.